Hodi ya Waya: Namna Simu na Kompyuta Zinavyopokeana

Mwalimu mmoja mstaafu alifika mezani kwangu akiwa na simu mkononi, laptopu kwapani na waya mfukoni. Baada ya shikamoo na marahaba, alinieleza shida yake kwa maneno ambayo sisi mafundi wa simu tunayasikia karibu kila siku: "Kijana wangu, simu inachaji vizuri, lakini kompyuta haioni kitu."

Ndani ya simu ile kulikuwa na sauti za wazee wa ukoo wake. Alikuwa amezirekodi kwa miaka kadhaa, wazee wakisimulia walikotoka, nani alimzaa nani, na mashamba yaligawanywaje. Wawili kati yao walikuwa wamekwisha kufariki. Betri nayo ilianza kuvimba hadi mfuniko wa nyuma ukainuka. Fundi wa kwanza aliyemwendea alimwambia kwamba tundu la chaji limekufa na lazima libadilishwe.

Tundu lilikuwa zima. Ukiacha betri, simu ilikuwa nzima, na laptopu pia. Tatizo lilikuwa waya.

Nimeamua kulieleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu watu wengi siku hizi wameweka maisha yao yote ndani ya kifaa kimoja, nacho kinaweza kutumbukia kwenye ndoo ya maji leo jioni. Waya wa data ndiyo njia nyepesi kuliko zote ya kuokoa kilichomo. Hautumii bando wala hauhitaji akaunti, na haukuulizi nywila uliyoisahau mwaka juzi. Unachotakiwa kujua ni mambo matatu tu, na mimi huyafananisha na mgeni anayebisha hodi. Kwanza pawepo njia ya kufika mlangoni. Pili, mgeni ajitambulishe. Tatu, mwenye nyumba aseme karibu. Likikosekana moja kati ya hayo, mgeni atabaki barazani hata akibisha mpaka magharibi.

Njia: nyaya nne ndani ya waya mmoja

Chukua waya wa USB uliokatika, ule ambao ungeutupa, uchane gamba lake kwa wembe. Kwa kawaida utakuta nyaya nne nyembamba: nyekundu, nyeusi, nyeupe na kijani. Nyekundu ndiyo inayoleta umeme wa volti 5, na nyeusi ndiyo unakorudi. Hizo mbili ndizo zinazochaji simu. Nyeupe na kijani ni za data, na ukizitazama kwa makini utaona zimesokotana kama nyuzi za kamba. Msokoto huo una kazi yake. Ujumbe ule ule hupita katika nyaya zote mbili kwa namna mbili zinazopingana. Kelele za umeme kutoka nje zikiingia, huzigusa zote mbili kwa kiasi kile kile, na upande unaopokea huangalia tofauti tu kati ya nyaya hizo. Kwa hiyo kelele inajifuta yenyewe na ujumbe unafika salama.

Sasa chana waya uliokuja na taa ya kuchaji, feni ndogo au spika ya mkononi. Mara nyingi utakuta nyaya mbili tu, nyekundu na nyeusi. Huo ni waya wa chaji tu. Ukiutazama kwa nje hauna tofauti na mwenzake, na kuchaji unachaji, lakini ndani yake hakuna njia ya data hata kidogo. Waya wa Mwalimu ulikuwa wa aina hiyo. Ulitoka kwenye taa ya mjukuu wake.

Unaweza kuutambuaje bila kuuchana? Angalia ndani ya kichwa kile bapa kinachoingia kwenye kompyuta. Utaona vipande vinne vyembamba vya rangi ya dhahabu. Viwili vya pembeni ni virefu kidogo kuliko viwili vya katikati, na vimetengenezwa hivyo makusudi ili umeme utangulie kugusana na data ifuate. Kwenye baadhi ya nyaya za chaji tu, vile viwili vya katikati havipo kabisa. Lakini usitegemee macho peke yake, maana kuna nyaya zenye vipande vyote vinne ilhali nyuma yake hakuna kitu. Kipimo cha uhakika ni kujaribu waya ambao una hakika nao, hasa uliokuja ndani ya boksi la simu. Ukishaupata waya wa data nyumbani, utunze kama unavyotunza ufunguo.

Vijana wa leo hawajui tulikotoka. Zamani kila kampuni ya simu ilikuwa na tundu lake, na nyaya za Nokia kama DKU-5 na CA-42 zilikuwa na kichipu ndani yake cha kutafsiri lugha ya simu iende kwenye USB. Ukipoteza waya ule umepoteza njia. Mwaka 2007 likaja tundu dogo la micro-USB, na mwaka 2014 likatangazwa la USB-C, lile linaloingia upande wowote utakaolichomeka. Apple nayo ilihamia huko mwaka 2023 kwa iPhone 15, na tangu tarehe 28 Desemba 2024 sheria ya Umoja wa Ulaya inataka simu mpya zinazouzwa huko ziwe na tundu hilo. Faida yake imetufikia na sisi, kwani waya mmoja mzuri sasa unatosha kwa simu za nyumba nzima.

Ila umbo la tundu halikwambii kasi. USB ya kwanza, ya mwaka 1996, iliishia megabiti 12 kwa sekunde. USB 2.0 ya mwaka 2000 ilifika 480, na USB 3.0 ya mwaka 2008 ilifika 5,000. Simu nyingi za bei ya kawaida, na nyaya nyingi za chaji zenye kichwa cha USB-C, bado zinatembea kwa kasi ile ya mwaka 2000. Hilo lisikusumbue. Kwa hesabu ya karatasi, megabiti 480 ni megabaiti 60 kwa sekunde, na kazini utapata kama nusu yake. Gigabaiti 10 za video zitahama kwa dakika tano au sita. Ukitaka kuzipandisha mtandaoni, utalipia bando la gigabaiti 10 kwenda, na utalilipia tena siku ya kuzishusha.

Utambulisho: "Wewe ni nani?"

Ukichomeka waya, simu huinua volti katika waya mmoja wa data. Kompyuta huliona badiliko hilo na kujua kuna mtu mlangoni. Inamwambia atulie, kisha inamuuliza maswali yake: Umetengenezwa na nani? Wewe ni kifaa gani? Unaweza kufanya nini? Simu inajibu kwa namba, namba ya mtengenezaji na namba ya kifaa, na kompyuta inaipa anwani yake. Baada ya hapo kompyuta hutafuta draiva, yaani programu ndogo inayojua kuzungumza na kifaa cha aina hiyo. Mambo yote hayo huisha kwa sekunde chache, na kwenye Windows unasikia ule mlio wa kuchomeka.

Mlio huo ni kipimo kizuri sana, na ningependa kila mtu ajue kuutumia. Kama simu inachaji lakini kompyuta haitoi mlio wowote, njia haipo. Badilisha waya, jaribu tundu jingine la kompyuta, na usipitie kwenye kigawanyio chenye matundu mengi. Kama mlio unajirudiarudia, wa kuchomeka na wa kuchomoka, jambo lenyewe ni mgusano mbaya, na mara nyingi kinachosababisha ni uchafu. Simu inayokaa mfukoni hujaza vumbi na nyuzi za nguo ndani ya tundu hadi kichwa cha waya kisifike mwisho. Zima simu, chukua kijiti cha meno cha mti, ukwangue taratibu bila kugandamiza. Usitumie sindano wala pini. Nimeshawahi kutoa kwenye tundu moja kidonge cha pamba kikubwa kama punje ya mchele, na simu ikarudi kuonekana bila kubadilisha chochote.

Na kama mlio umetoka mara moja, jina la simu limeonekana kwenye kompyuta, lakini ukifungua unakuta patupu? Hapo waya hauna kosa. Mgeni amefika na kujitambulisha. Anasubiri kukaribishwa.

Ruhusa: mwenye nyumba ni wewe

Tangu Android 6, iliyotoka mwaka 2015, simu ikichomekwa kwenye kompyuta huanza kwa kuchaji tu. Haifungui chochote mpaka mwenyewe uiambie. Watu hudhani ni hitilafu, kumbe ni ulinzi, maana simu ukiisahau mezani kwa mtu asiyejua namba yako ya siri, hawezi kuchomeka waya na kuchota picha zako.

Hatua zake ni hizi. Fungua kioo cha simu kwa namba yako ya siri au alama ya kidole. Vuta chini pazia la taarifa kutoka juu ya kioo. Utaona taarifa inayosema kwamba simu inachajiwa kupitia USB. Iguse, kisha uchague kuhamisha faili. Papo hapo folda zitajitokeza kwenye kompyuta. Kwa iPhone, ukishaifungua, itakuuliza kama unaiamini kompyuta hiyo. Swali hilo liliingia na iOS 7 mwaka 2013, mwaka ambao watafiti wa Georgia Tech walionyesha kwamba chaja iliyotengenezwa kwa hila inaweza kuingiza programu mbaya ndani ya iPhone. Kubali tu kama kompyuta ni yako au ya mtu unayemfahamu.

Kwenye orodha ile ya Android utaona pia PTP. Hiyo ni lugha ya kamera na huonyesha folda za picha na video tu. Ukiwa steshenari unataka kuchapisha picha ya pasipoti, chagua hiyo. Hakuna sababu ya kumfungulia mtu nyumba nzima wakati anahitaji sebule tu.

Neno moja kwa wenye Windows ambayo jina lake linaishia na herufi N. Toleo hilo huja bila vifaa vya muziki na video, na lugha ya kuhamisha faili za simu nayo haimo. Kinachohitajika ni kuongeza kifurushi cha bure cha Microsoft kinachoitwa Media Feature Pack. Kompyuta za Mac nazo hazizifungui folda za Android zenyewe, hadi uweke programu ya ziada.

Kwa nini simu si flashi

Wengi wanakumbuka zamani simu ikichomekwa ilionekana kama flashi, na ilikuwa rahisi. Kwa nini ikabadilishwa? Wakati ule simu ilikuwa inaikabidhi kompyuta ufunguo wa stoo yote. Kompyuta ikiwa ndani, simu yenyewe haiwezi kuingia, ndiyo maana ulikuwa ukiunganisha, picha na nyimbo zinapotea kwenye simu mpaka uchomoe waya. Na ukichomoa kwa pupa, stoo nzima iliweza kuvurugika.

Utaratibu wa sasa, unaoitwa MTP, ni kama kuweka mtunza stoo dirishani. Kompyuta haiingii ndani. Inaagiza faili moja, mtunza stoo anakwenda kuileta, kisha inaagiza nyingine. Simu inaendelea kutumia stoo yake, na mafaili yako ni salama zaidi. Lakini mtunza stoo huyu ni mmoja na anafanya kazi moja kwa wakati. Kutokana na hilo kuna kanuni tatu ambazo zitakuepusha na usumbufu.

Kwanza, usihariri hati wala kutazama video ikiwa bado ndani ya simu. Inakili kwenye kompyuta kwanza. Pili, usianzishe kazi mbili za kunakili kwa pamoja, na kama picha ni maelfu, zigawe mafungu ya mia tano tano, kwa sababu picha ndogo ndogo nyingi zinachosha dirisha kuliko video moja kubwa. Tatu, nakili, usikate. Ukichagua kukata na waya ukachomoka katikati, unaweza kupoteza huku na huku. Ukimaliza, fungua faili kumi hivi ukiwa kwenye kompyuta, za mwanzo, za katikati na za mwisho. Zikifunguka zote, hapo ndipo unaweza kufuta kwenye simu.

Kuhusu mahali pa kutafuta, picha na video ulizopiga mwenyewe ziko katika folda ya DCIM, ndani ya Camera. Za WhatsApp huwasumbua wengi, kwani kwenye simu za karibuni zimejificha. Fungua Android, halafu media, halafu com.whatsapp, halafu WhatsApp, kisha Media. Humo utakuta folda za picha, video, hati na sauti, kila moja peke yake. Kwa iPhone iliyounganishwa na Windows utaona picha na video tu, na kama kunakili kunakatika njiani, nenda kwenye mipangilio ya picha, sehemu ya kuhamishia Mac au kompyuta, uchague picha zibaki kama zilivyo.

Tahadhari za barabarani

Mwaka 2011, kwenye mkutano wa wadukuzi wa DEF CON huko Las Vegas, watafiti waliweka kibanda cha kuchajia simu bure. Kila aliyechomeka simu yake alitokewa na onyo kwenye kioo cha kibanda, likimkumbusha kwamba tundu la chaji ni mlango wa data pia. Ule waya wa taa niliousema mwanzoni, ambao nyumbani ni kero, safarini ni ngao. Ukichaji kwenye tundu la USB la basi au la hoteli, utumie huo, kwa sababu data haina pa kupita. Au tumia kichwa chako cha chaja kwenye soketi ya ukutani.

Kama kioo cha simu kinaonyesha picha lakini hakikubali kuguswa, usikate tamaa. Simu nyingi zinakubali adapta ndogo ya OTG, inayokuwezesha kuchomeka mausi ya kompyuta. Mshale utatokea kwenye kioo, utaandika namba yako ya siri kwa mausi, kisha utahamisha faili kwa njia nyingine. Na fundi yeyote akikuambia simu yako inahitaji kuflashiwa, yaani kuwekewa upya programu zake za msingi, muulize kabla hajagusa kitu: data zangu zitabaki? Mara nyingi hazibaki. Ni haki yako kuzitoa kwanza.

Mwisho, simu yenye betri iliyovimba usiichomeke popote, hata kwenye kompyuta, kwa sababu kompyuta nayo huchaji. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampia 500, kiasi kidogo, lakini kwa betri iliyoharibika hata hicho kinaweza kuleta moto.

Ndiyo maana kwa Mwalimu nilianza na betri. Niliitoa ile iliyovimba, nikaweka nzima, nikachukua waya wa data kwenye droo yangu. Laptopu ikatoa mlio mmoja. Mwalimu akafungua kioo kwa namba yake, akavuta pazia, akagusa mahali nilipomwonyesha. Folda zikajitokeza. Tulinakili sauti zote kwenye laptopu, kisha tukazinakili tena kwenye flashi, maana mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari moja nalo huungua.

"Fungua moja, Mwalimu, tuhakikishe," nikamwambia.

Akagusa ya kwanza. Sauti ya mzee ikatoka kwenye laptopu, ikikohoa kidogo, ikianza kwa kutaja jina la babu yake. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, hakusema neno. Kisha akaununua kwangu ule waya wa data, akatoa uzi mwekundu kwenye mfuko wake wa chaki na kalamu, akaufunga karibu na kichwa cha waya, mafundo mawili. "Ili nyumbani," akasema, "usije ukachanganywa na wa taa."